Msipitie Kiingereza: majibu kwa wanaoanza Kikorea

Hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya wanafunzi wapya wa Kikorea na wazazi wao. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza marudio tu.

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Wiki iliyopita niliwagawia wanafunzi vikaratasi, nikamwomba kila mmoja aandike swali moja la Kikorea linalomkosesha usingizi. Jana usiku nilivisoma vyote, kimoja baada ya kingine. Nilipomaliza nikakaa kimya kidogo, kwa sababu niliona jambo moja linajirudia. Maswali mengi mliyoniuliza si yenu. Ni ya mtu wa Uingereza au Marekani, mmeyakuta kwenye vitabu na video alizotengenezewa yeye, mkayabeba kama yalivyo.

Mmoja kaandika: "Kwa nini Mkorea akiulizwa 'huendi?' anajibu 'ndiyo' na huku haendi?" Mwanangu, hebu nikuulize wewe. Mama akikuuliza, "Hujala?" nawe hujala, unamjibu vipi? Unasema, "Ndiyo, sijala." Yaani ndivyo ilivyo, umesema kweli. Mkorea naye ukimwuliza 안 가요? (huendi?) atakujibu 네, 안 가요: ndiyo, siendi. Ni mantiki ile ile uliyonyonya na maziwa. Anayeshangaa ni msemaji wa Kiingereza, na ana haki ya kushangaa. Wewe umeazima mshangao wake.

Basi neno langu la leo ni hilo. Mnacho Kiswahili. Kiendeeni Kikorea moja kwa moja kutoka kwenye Kiswahili, msipite kwanza kwa jirani. Kuna mambo mengi ya Kikorea ambayo nyinyi mnayo tayari mdomoni, na kuna machache yanayowatatiza nyinyi peke yenu, ambayo vitabu vile haviwezi kuwaambia. Nitayapitia kwa jinsi mlivyouliza.

Swali lililoandikwa mara nyingi kuliko yote: "Nianze na Hangul, au nitumie kwanza herufi tulizozizoea?" Anza na Hangul, yaani herufi za Wakorea wenyewe, na uanze leo. Mfalme Sejong wa Korea alizikamilisha herufi hizi mwaka 1443, zikatangazwa mwaka 1446. Kabla ya hapo Mkorea aliyejua kusoma aliandika kwa herufi za Kichina, zilizoundwa kwa lugha isiyofanana na yake hata kidogo. Mfalme mwenyewe aliandika kwamba sauti za nchi yake si sauti za China, na kwamba raia wana la kusema lakini hawana namna ya kuliandika.

Sisi watu wa pwani jambo hili tunalielewa vizuri. Wazee wetu waliandika tenzi na barua kwa herufi za Kiarabu, zenye alama za irabu tatu, na Kiswahili kina irabu tano. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v. Ilikuwa lazima msomaji awe analijua neno ndipo aweze kulisoma, mpaka wanavyuoni wetu wakaanza kuongeza nukta na alama. Sejong hakuongeza nukta. Alitengeneza herufi upya kutoka kwenye kinywa cha watu wake. Wapo wakubwa wa baraza waliompinga. Mwaka 1444 Choe Manri na wenzake walimwandikia hati ya kumlalamikia kwamba anaiacha njia ya Uchina. Hakurudi nyuma. Na mwanachuoni wake Jeong In-ji akaandika kwamba mwerevu atazijua herufi hizi kabla asubuhi haijaisha, na hata aliye mzito siku kumi zitamtosha.

Semeni "na", halafu mshike ile n. Ncha ya ulimi iko wapi? Imeinuka, imegusa juu nyuma ya meno, na ulimi uliobaki umelala. Sasa tazameni herufi hii: ㄴ. Ni picha ya ulimi wako ukiutazama kwa ubavuni. Herufi ㄱ ni ulimi ukiwa umeinuka nyuma, karibu na koo. ㅁ ni kinywa, ㅅ ni jino, ㅇ ni koo. Ukitaka sauti yenye pumzi kali zaidi unaongeza mstari: ㄱ inakuwa ㅋ, ㄷ inakuwa ㅌ. Mtu aliyeona hivi mara moja hahitaji tena kukariri.

Sasa yule aliyeandika kwa hasira, "Kwa nini wanaandika eo halafu haisomeki e-o?" Hasira yako ina msingi. Hizo "eo" na "eu" ni za mfumo rasmi wa kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini, uliotolewa na serikali ya Korea Kusini mwaka 2000. Sisi tunasoma kila herufi, kwa hiyo Seoul tunaisoma se-o-ul. Mkorea anaandika 서울, silabi mbili tu. Ile ㅓ utaipata hivi: sema "o", shikilia sauti, halafu legeza midomo isiwe duara, ulimi usiusogeze. Ile ㅡ, sema "u", kisha vuta midomo kana kwamba unatabasamu. Ni hizi mbili tu. Irabu zetu tano zote wanazo, safi kama zetu, nanyi hamtahangaika nazo. Lakini hizi mbili msizidharau: 고기 ni nyama na 거기 ni hapo. Ukienda buchani ukakosea midomo, mwenye buchari atatazama unakoelekeza kidole.

Kuhusu ㅐ na ㅔ, wengi wa Seoul leo wanazitamka sawa, zote "e". Jifunze tahajia yake na uendelee. 개 ni mbwa, 게 ni kaa wa baharini, na masikio hayatakusaidia kuwatofautisha, muktadha utakusaidia.

Na hapa Kiswahili kinampita mbali yule jirani. Mbwa mdogo ni 강아지. Kwa Kilatini cha vitabu wanaandika g-a-n-g-a-j-i, na mwanafunzi anasoma "ganga-ji", kana kwamba ni mganga. Andikeni kwa tahajia yetu: kang'aji. Ng' ya ng'ombe, siyo ng ya ngoma. Paka ni koyang'i, 고양이. Kile kiduara ㅇ kikikaa chini ya silabi ni ng' yetu hasa, na kikikaa mwanzoni hakina sauti, kimeshika nafasi tu. Tofauti kati ya sisi na wao ni kwamba ng' kwao haianzi neno. Mkorea ukimwambia atamke ng'ombe atapata taabu ile ile unayopata wewe kwa ㅓ.

Sasa taabu yetu wenyewe, ambayo mgeni haijui. Maneno yetu huishia kwa irabu. Ndiyo maana hata sikukuu ya Krismasi tuliikaribisha kwa kuipa i mwishoni. Kikorea kimejaa silabi zilizofungwa. Chakula, au wali, ni 밥. Nawasikia darasani wengi wanasema "babu". Hapana. Fumbeni midomo kwa ile b ya mwisho, na muiache imefumbwa. Msiifungue. Pumzi isitoke. Neno limekwisha midomo ikiwa imefungwa. Jaribuni wote pamoja: 밥. Naona baadhi yenu mnaachia "bu" kidogo sana, kwa adabu. Itachukua wiki mbili tatu, si zaidi.

Huko mwishoni mwa silabi zinabaki sauti saba tu: k, n, t, l, m, p na ng'. Herufi ziko nyingi, sauti saba. Mundu ni 낫, mchana ni 낮, uso ni 낯. Yote matatu yanasikika "nat", na t yenyewe imezimwa. Mmoja wenu ameuliza, kwa machungu kabisa, basi kwa nini waandike herufi tatu tofauti kama sauti ni moja?

Hili ni swali zuri kuliko yote niliyopokea, na jibu lake liko katika Kiswahili. Sema "chukua". Iko wapi l? Haipo. Sasa sema kauli ya kutendea: "chukulia". L hiyo imetoka wapi? "Fungua", "fungulia". "Pokea", "pokelea". L ilikuwamo siku zote, imejificha, ikasubiri irabu ya kuitoa. Kikorea nacho kiko hivyo hivyo. Ongeza kiambishi 이 baada ya maneno yale matatu, na kila moja linatoa siri yake: 낫이 ni "nashi", 낮이 ni "naji", 낯이 ni "nachi". Tahajia inaweka kile kilichofichika ili macho yakione hata pale masikio yanapokikosa. Kwa hiyo ukiona konsonanti chini ya silabi, na silabi inayofuata inaanza kwa kile kiduara kisicho na sauti, ihamishe konsonanti iende huko. 음악, muziki, husomwa "ɯ-mak" kwa ile irabu ya kutabasamu. 한국어, yaani Kikorea chenyewe, ni "hangugo", na o ya mwisho ni ile isiyo na duara.

Kuna waliouliza kwa nini 합니다 inaandikwa na p lakini inasikika "hamnida". Ubavu mmoja, wingi wake? Mbavu. Ulimi? Ndimi. L imegeuka d kwa sababu imekutana na n. Sauti zikikaa ujirani huambukizana tabia, kwetu na kwao. Kwao king'ong'o, yaani sauti ya puani kama m au n, kinaigeuza konsonanti inayokitangulia: p inakuwa m, k inakuwa ng', t inakuwa n. Kwa hiyo 한국말 ni "hangung'mal". Na 같이, "pamoja", inasikika "kachi", t imekuwa ch kwa sababu ya i. Sisi ki- ikikutana na irabu inakuwa ch-: chakula, chako, cheupe. Msikariri orodha ya kanuni. Semeni haraka, mdomo wenyewe utaelekea huko.

Sasa kunjueni zile karatasi nyepesi nilizowapa, kila mtu ashike yake mbele ya midomo, umbali wa vidole vinne hivi.

Swali lilikuwa la ㄷ, ㅌ na ㄸ, na ndugu zao ㅂㅍㅃ, ㄱㅋㄲ, ㅈㅊㅉ. 달 ni mwezi, 탈 ni kinyago cha kuvaa usoni, 딸 ni binti. Msemaji wa Kiingereza anaambiwa kwamba hizi ni sauti ngumu mno duniani, nanyi mmeamini. Marehemu nyanya yangu hakuwahi kuchanganya paa la nyumba na p'aa wa porini, wala kaa la moto na k'aa wa pwani. Kwa maandishi ya leo ni neno moja, lakini kinywani mwake p ya mnyama ilitoka na pumzi na p ya nyumba haikuwa nayo. Mliokulia Lamu, Mombasa, Pate, mnaisikia hadi leo. Mliokulia bara na kukisoma Kiswahili darasani, kaeni na wazee wa hapa mkawasikilize, mtafaidika mara mbili.

Semeni k'aa wa pwani. Karatasi imetikisika. Hiyo ndiyo ㅋ. Semeni kaa la moto. Karatasi imetulia. Ikazeni koo kidogo zaidi, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia, na hiyo ndiyo ㄲ. Mbili tayari mnazo. Inabaki ㄱ, ile tulivu, na hapa ndipo penye kazi. Si g yetu. G, d na b za Kiswahili safi tunazivuta ndani kidogo, na Mkorea hazivuti. Mwanzoni mwa neno yake ni laini, ina pumzi kidogo, na sauti inaanzia chini. Vijana wa Seoul ukiwasikiliza utaona sauti inapanda kwenye 탈 na inashuka kwenye 달. Shikeni huo mpando na mshuko, utawasaidia kuliko kuhesabu pumzi. Katikati ya irabu mbili, ㄱ inakuwa g ya kawaida: kogi, 고기, ya kwanza karibu na k, ya pili g.

Jambo dogo kuhusu ㄹ. Kati ya irabu ni r ya kugusa mara moja tu, 사람, "saram", mtu. Mwishoni ni l, 말, "mal". Wale ambao kura na kula kwao ni neno moja, hapa itawabidi muwe waangalifu, kwa sababu Kikorea kinampangia kila mmoja mahali pake.

Niingie kwenye sarufi. Kikaratasi kimoja kinasema: "Sielewi lini niweke 아 na lini niweke 어." Chini yake ameandika kwamba amekata tamaa.

Usikate tamaa, dada. Njoo tufanye pamoja. Pika, kauli ya kutendea? Pikia. Pata? Patia. Funga? Fungia. Sasa cheza? Chezea. Soma? Somea. Omba? Ombea. Nani aliwahi kukufundisha kwamba baada ya a, i na u unaweka i, na baada ya e na o unaweka e? Hakuna. Ulikuwa na miaka mitatu, unamwambia mamako "nisomee", hukusema "nisomia". Irabu ya mzizi inachagua irabu ya kiambishi. Wanaisimu wanaita usawazisho wa irabu, na Kikorea kinao. Irabu ya mwisho ya mzizi ikiwa ㅏ au ㅗ, chukua 아. Ikiwa nyingine yoyote, chukua 어. 가다, kwenda, inatoa 가요. 보다, kuona, 봐요. 먹다, kula, 먹어요. 배우다, kujifunza, 배워요. 하다 peke yake ina njia yake, 해요, kama vile sisi kula na kuja vina ku- inayong'ang'ania mahali ambapo vitenzi vingine vimeiacha. Kitabu cha Kiingereza kinaileta kanuni hii kama ajabu la mbali. Kwako ni kazi ya mchana mmoja.

"Kwa nini kitenzi kinakaa mwisho, na kwa nini kirefu hivyo?" Urefu hauwezi kumtisha anayesema "hatutawapikia" kwa pumzi moja. Sisi tunafunga mizigo mbele ya mzizi, na kidogo nyuma. Wao wanafunga yote nyuma. Ila hawaweki nafsi: 가요 ni naenda, unaenda, anaenda, tunaenda. Mwanzoni mtajisikia mmeachwa gizani bila ni- na u-, lakini mazungumzo yenyewe huwa yanaonyesha nani anasemwa.

Na hapa kuna zawadi ambayo sijaona kitabu kinaitaja. Mtu aliyekula, mtu anayekula, mtu atakayekula. Sisi tunalitia lile -ye- ndani ya kitenzi na wakati unabaki wazi. Kikorea: 먹은 사람, 먹는 사람, 먹을 사람. Aliyekula, anayekula, atakayekula, kwa mpangilio huo huo. Tofauti ni moja, kwao "aliyekula" anatangulia na "mtu" anafuata. Vilevile -ka- yetu: akaenda akaona. Kikorea kinaweka alama yake kwenye kitenzi cha kwanza: 가서 봤어요. Na -ki- ya masharti, nikienda, ni 가면. Andikeni hizi tatu ukurasa wa kwanza wa daftari.

은/는 na 이/가, vile viambishi vinavyokaa baada ya jina. Nilijua yatakuja. Zaidi ya robo ya vikaratasi ni haya, na nitakaa hapa kidogo.

Kwanza umbo: 은 na 이 baada ya konsonanti, 는 na 가 baada ya irabu. Hilo limekwisha. Sasa maana. Ukisema 저는 학생이에요, umesema "mimi ni mwanafunzi". Tulikuwa tunazungumza habari zangu, nami naongeza taarifa. Ukisema 제가 학생이에요, umesema "mimi ndiye mwanafunzi". Mtu ameingia akauliza, mwanafunzi ni nani hapa? Ndiyo maana neno "nani" hufuatwa na 가, 누가 왔어요?, na jibu lake hubeba 가 pia. Kila unapohisi "ndiye, ndiyo, ndicho" inakuja ulimini, jaribu 이/가 kwanza.

Sikilizeni tena: "Chai naipenda, kahawa siipendi." Mmeona tulivyoitoa chai na kuiweka mbele? Tunalinganisha. Mkorea anafanya vivyo hivyo kwa 는: 차는 좋아하지만 커피는 안 좋아해요. Na sentensi ambayo walimu wa Kikorea wanaipenda sana: 코끼리는 코가 길어요. Kwa neno kwa neno ni "tembo, pua ni ndefu", na mwanafunzi aliyefunzwa kwa Kiingereza anauliza, kiima ni kipi, tembo au pua? Kwa Kiswahili cha barazani ungesema: "Tembo, mkonga wake mrefu." Tembo ndiye tunayemzungumza, mkonga ndio mrefu. Hakuna fumbo. Sidai kwamba Kiswahili kitakujibia kila sentensi ya 은/는, kuna nyingine mtazipata kwa kusikia tu, mwaka na zaidi. Lakini mlango mnaingilia huu.

Hesabu. "Kwa nini wana hesabu mbili?" Wana moja ya kwao, 하나, 둘, 셋, na nyingine yenye asili ya Kichina, 일, 이, 삼. Nasi moja, mbili, tatu ni za Kibantu, sita, saba, tisa ni za Kiarabu, na mia na elfu pia, ila sisi tumezichanganya ndani ya mstari mmoja, wao wameziacha mistari miwili. Saa huhesabiwa kwa ile ya kwao na dakika kwa ile ya Kichina. Na namba kwao haikai uchi. Vitabu viwili, paka wawili, miti miwili: kwetu namba inavaa ngeli. Kwao namba inaandamana na neno la kuhesabia, 책 두 권 kwa vitabu, 고양이 두 마리 kwa paka, 학생 두 명 kwa watu.

Kwenye saa nisikilizeni vizuri sana. Mwanafunzi wangu mmoja alipatana na rafiki yake Mkorea wakutane saa tatu asubuhi. Akamwandikia 세 시, "saa tatu", akaona amekwisha. Akangoja tangu saa tatu mpaka adhuhuri, akaondoka amevunjika moyo. Rafiki akafika alasiri, kwa wakati wake barabara, akamkosa. 세 시 ni saa tisa yetu. Saa tatu asubuhi ni 오전 아홉 시. Kitabu cha Kiingereza hakiwezi kukuonya juu ya hili kwa sababu hakijui kwamba sisi saa za mchana tunaanza kuzihesabu jua likichomoza. Jifundisheni kuhesabu saa sita zaidi au pungufu kabla ya kufungua mdomo.

Aliyeuliza kuhusu TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni: ile ya kwanza, TOPIK I, ina maswali 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, alama 200, 80 zinakupa daraja la kwanza na 140 la pili. Hakuna kuzungumza ndani yake, na kwa sababu hiyo watu wanaacha midomo yao ilale. Msikubali.

Mwisho ni heshima. Wengi mmeandika kwamba mnaogopa kumkosea mtu mzima. Hofu hiyo ni malezi mema, na itawafikisha mbali kuliko jedwali lolote. Wewe humwiti mwalimu wako "wewe Fulani". Mkorea naye hamwiti mkubwa 너, humwita kwa cheo au kwa udugu: 선생님 kwa mwalimu, na mama mwenye mtoto aitwaye Minsu huitwa 민수 엄마, kama vile jirani yangu ni Mama Asha na jina lake la kuzaliwa wengi hawalijui. 동생 ni "mdogo wangu", awe wa kike au wa kiume. Kaka mkubwa kwa msichana ni 오빠, kwa mvulana ni 형. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno umbu, ndugu wa jinsia isiyo yako, kwa hiyo hata hilo la jinsia ya msemaji halikuwa geni kwa mababu zetu. Kitenzi nacho kinavaa: mimi nakula, 먹어요, lakini nyanya anakula ni 드세요. Mimi nalala, 자요, nyanya ni 주무세요. Kosa baya ni kujipa heshima mwenyewe. Mtu hajipi shikamoo.

Na 안녕 yenyewe maana yake ni amani, usalama. Anayeondoka huambiwa 안녕히 가세요, nenda kwa amani. Anayebaki huambiwa 안녕히 계세요, kaa kwa amani. Mliuliza mtazitofautishaje. Tazameni nani amesimama mlangoni. Nyinyi mna darasa hapa mpaka magharibi. Mimi ndiye ninayeondoka.

안녕히 계세요.